Hela yangu iliyoibwa naiona kwenye simu, naipataje?

BARUA

Kaka, habari za kazi.

Nina miaka 41, nauza viatu vya kike Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mzigo wangu unatoka Guangzhou. Tangu kile kipindi dola zilipoadimika benki, wengi wetu hapa tumezoea kulipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayolingana na dola: unanunua kwa shilingi, unamrushia mwenye mzigo, dakika chache baadaye anakujibu imeingia. Muda wote huo sikuwahi kupoteza hata senti.

Pochi ya USDT kwenye simu alinifungulia mtoto wa dada yangu. Ana miaka 23, nimekaa naye tangu kidato cha kwanza. Yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi aliyapiga skrinishoti, moja ikabaki kwenye simu yangu, nyingine kwenye yake. Akaniambia, "Mama mdogo, siku ukipoteza simu mimi nakurudishia kila kitu." Nilimshukuru.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekusanya hela ya oda, USDT 6,840, kama milioni 17 za kwetu. Ndani yake kulikuwa na dola 2,000 za dada yangu, mama yake huyo kijana, aliyeniomba nimwagizie mikoba. Ijumaa alfajiri nimeamka kuswali, nikasema ngoja nirushe hela kabla wateja hawajaanza. Nafungua pochi, USDT sifuri. Kilichonishangaza, TRX 46, sarafu ya mtandao wa Tron unaobeba USDT zangu, nilizoweka kwa ajili ya ada, zipo vilevile.

Binti anayenisaidia dukani alinionyesha jinsi ya kutafuta kwenye Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala yote ya Tron. Hela ilitoka saa nane usiku kwenda anwani moja, yaani namba ya pochi nyingine. Pale ikagawanywa. USDT 3,500 zimekwenda anwani nyingine na zimekaa hapo mpaka leo ninapokuandikia, kila nikifungua naziona. Zile 3,340 zilipita anwani moja zaidi, halafu zikaingia kwenye anwani yenye jina la soko kubwa la kripto. Nikaendelea kufuata. Kutoka hapo hela zinatoka kila sekunde kwenda kwa watu wengi mno, na katika hao watu, kaka, nikakuta anwani ya kijana wangu. Naijua kwa sababu nimewahi kumtumia. Alipokea USDT 180 kutoka anwani hiyohiyo siku ya Jumamosi. Na mwezi huu kanunua pikipiki. Sijamwambia kitu, ila chakula hakipiti.

Sijui kama hili lina maana, lakini siku kadhaa kabla ya wizi mtu wa kiwanda kipya alinitumia linki nihakiki kama USDT zangu ni safi, akasema China siku hizi wanaogopa USDT za wizi. Niliunganisha pochi, nikabonyeza kuthibitisha, ikaja alama ya kijani. Wakati huo nilikuwa na USDT kama 200 tu, na hazikuguswa.

Niliandika kilio changu kwenye grupu la Telegram la wafanyabiashara. Usiku uleule akanifuata mtu, Kiswahili chake kizuri, anajiita mtaalamu wa kurejesha kripto. Juzi akasema ameshazipata. Nilipoonyesha wasiwasi akanitumia maneno 12 ya pochi aliyozihamishia. Nimeyaingiza kwenye simu na nimeziona kwa macho yangu, USDT 6,840 kamili. Lakini nikitaka kuzituma kwangu inakataa, inasema ada haitoshi. Anataka niweke TRX za dola 300 ili pochi ifunguke.

Jirani yangu wa dukani ananiambia polisi nisiende, nitageuziwa kibao kwa sababu kripto haikubaliki nchini. Nifanye nini? Nilipe hizo dola 300? Na huyu kijana nimweke wapi? Dada yangu bado hajui.

Mwenye Duka, Kariakoo

JIBU

Dada yangu, pole sana. Kabla ya yote, huyo mtu wa Telegram usimtumie hata TRX moja. Hata zile 46 zilizobaki zisiingie kwenye pochi yake.

Wewe mwenyewe umeandika kinachomuumbua. Unasema 3,500 bado zimekaa kwenye anwani ya mwizi, na unaziona kila ukifungua Tronscan. Sasa kama hazijaondoka pale, hizo 6,840 kamili alizokuonyesha zimetoka wapi?

Kwenye mtandao wa Tron mtu yeyote anaweza kutengeneza sarafu yake, akaiita USDT, akaibandika nembo ya kijani, ikatokea kwenye pochi kama ile ya kweli. Chukua anwani ya pochi aliyokupa, iweke Tronscan, bonyeza jina la sarafu na utazame anwani ya mkataba wake, yaani programu inayoiendesha sarafu hiyo. USDT halisi ya Tron ina mkataba mmoja tu, unaoanza na TR7NHq na kuishia na Lj6t. Ukikuta herufi nyingine, basi uliangalia namba zisizo na thamani yoyote.

Na hata zingekuwa halisi, usingezitoa. Tron inamruhusu mwenye anwani kuhamishia mamlaka ya kusaini kwenye anwani nyingine. Akishafanya hivyo, maneno 12 yanafungua pochi na kukuonyesha salio, lakini hayahamishi chochote. Ndiyo maana anayagawa bila hofu. Jiulize, mtu aliyehangaika kukomboa milioni 17 anawezaje kumkabidhi funguo mtu asiyemjua, halafu akabaki akibembeleza dola 300? TRX utakazoweka atazifagia zikitua tu, kisha atakuja na kodi, baada ya kodi ada ya kibali, na itaendelea hivyo mpaka uchoke. Agosti 2023 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu watu wa aina hii hasa: wanajitangaza kuwa wanarejesha kripto, wanachukua malipo ya awali, halafu wanatoweka au wanatoa kazi nusu na kudai zaidi. Wanakaa kwenye magrupu wakimsubiri mtu aandike kilio kama chako.

Usigombane naye. Hifadhi mazungumzo yote, jina la akaunti yake, na anwani aliyotaka uweke TRX, kwa sababu vinaingia kwenye jalada la polisi kama kosa la pili. Ukishahifadhi, mfungie.

Sasa kijana. Hapa nitakaa kidogo, maana ukikosea utapoteza mtoto na dada kwa mpigo, na hela bado hutaipata.

Ile anwani yenye jina la soko ni pochi kuu ya soko zima. Hela za wateja wote hukusanywa humo, na kila anayetoa hulipwa kutoka humo. Fikiria wakala wa benki hapo Msimbazi: mwizi akaweka noti zako saa nne, mtu mwingine akaja kutoa saa tano, akalipwa kutoka droo ileile. Huyo wa saa tano huwezi kumwita mwizi. Kila aliyetoa USDT kwenye soko hilo Jumamosi, awe Mbeya au Manila, ana muamala unaofanana na wa kijana wako. Kwa hiyo ukifika kwenye pochi kuu, simama. Mbele ya hapo Tronscan haikuambii tena hela ya nani imekwenda wapi. Jibu liko kwenye vitabu vya ndani vya soko lenyewe.

Anwani ya kushika ni ile ya nyuma yake, uliyoitaja kwa haraka kwamba hela "zilipita anwani moja zaidi". Kwa kawaida hiyo ni anwani ya kuwekea hela ambayo soko limempa mteja mmoja. Utaitambua kwa tabia yake: chochote kinachoingia kinahamishwa kwenda pochi kuu, haipeleki kwingine. Kwenye Tronscan ni herufi 34 tu zinazoanza na T. Ndani ya soko imefungwa kwenye akaunti yenye jina, namba ya simu, kitambulisho na picha ya uso wa mtu. Katika barua yako yote hiyo ndiyo taarifa yenye thamani kubwa kuliko zote, na wewe umeipita ukaenda kumkuta kijana.

Halafu TRX 46. Mwenye maneno yako 12 ana pochi yote mkononi, na wezi wa aina hiyo hufagia mpaka chenji. Huyu kachukua USDT peke yake. Linganisha na ile linki ya kuhakiki USDT safi, ukabonyeza kuthibitisha, na mimi napata picha moja: hukuthibitisha usafi wa kitu, ulimpa mtu idhini ya kutoa USDT kwenye anwani yako, kiasi chochote, siku yoyote atakayotaka. Idhini ya namna hiyo ni ya sarafu moja tu, ndiyo maana TRX hazikuguswa. Wala 200 za siku ile hakuzihitaji. Alisubiri ukusanye.

Hili huna haja ya kuniamini mimi, liangalie mwenyewe leo. Fungua Tronscan, ingia kwenye muamala wa ile saa nane usiku, na usome vitu viwili: anwani iliyoanzisha muamala na jina la kazi iliyoitwa. Ukikuta aliyeanzisha ni anwani nyingine, na kazi imeandikwa transferFrom, basi hela imetolewa kwa idhini na aliyelipa ada ni mwizi. Kisha rudi nyuma mpaka siku uliyobonyeza ile linki. Utakuta muamala mdogo ulioanzishwa na anwani yako wewe, usio na kiasi cha hela, umeandikwa approve au neno linalofanana nalo. Ukivikuta vyote viwili, kijana hahusiki, na huna sababu ya kumtaja kwa mtu yeyote.

Ukikuta kwamba aliyeanzisha muamala wa usiku ni anwani yako mwenyewe, hapo ni kweli maneno yamevuja. Hata hivyo bado usimnyooshee kidole. Picha za maneno zimekaa kwenye simu mbili, na Februari 2025 kampuni ya usalama wa mtandao ya Kaspersky ilieleza kuhusu programu hasidi waliyoiita SparkCat, iliyojificha ndani ya programu za kawaida mpaka kwenye Google Play na App Store, ikipekua picha za simu kutafuta maneno ya namna hiyo. Simu zote mbili zingehitaji kukaguliwa kwanza.

Ile mbinu ya "USDT safi" imetungwa na mtu anayewajua wafanyabiashara, kwa sababu ina ukweli ndani yake. USDT zilizohusishwa na uhalifu huzuiwa kweli, na wauzaji wengine huogopa kuzipokea. Ila ukaguzi wa kweli unahitaji anwani yako tu, ambayo kila mtu anaweza kuiona. Ukiambiwa uunganishe pochi na ubonyeze kuthibitisha, funga ukurasa. Na huyo wa kiwanda kipya, namba yake na linki yake andika pembeni. Wapelelezi wataanzia kwake.

Pochi ya zamani iache leo. Idhini uliyoitoa bado ipo hai, kwa hiyo USDT yoyote itakayoingia humo itakwenda njia ileile. Waambie wateja na wasambazaji wasirushe kitu kwenye anwani ile. Fungua pochi mpya yenye maneno mapya, yaandike kwenye karatasi kwa mkono wako, yafungie nyumbani, na zile skrinishoti zifutwe kwenye simu zote mbili, pamoja na zilizojihifadhi mtandaoni. Futa pia ile pochi ya mtu wa Telegram.

Tuje kwenye kurejesha. Kufuatilia umeshafuatilia, na umefuatilia vizuri kuliko wengi wanaolipisha watu kwa kazi hiyo. Kila muamala wa Tron umeandikwa kwenye daftari la wazi, haufutiki. Shida ni kwamba kuona hela na kuichukua ni kazi mbili tofauti. Agosti 2016 soko la Bitfinex liliibiwa bitcoin karibu 120,000. Dunia nzima iliziona zilipo kwa miaka mingi. Marekani ilikuja kukamata karibu 94,000 mwezi Februari 2022, baada ya wapelelezi kufungua faili lililohifadhiwa mtandaoni na mmoja wa wahusika na kukuta funguo ndani. Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa takriban dola bilioni 1.5, FBI ikaitaja Korea Kaskazini, anwani zikatangazwa hadharani, na bado sehemu kubwa haijarudi. Kwa hiyo mtu akikuambia ana programu ya "kuvuta" hela kutoka anwani ya mwizi, ana kitu ambacho serikali ya Marekani haina.

Wewe una bahati moja ndogo ndani ya mkosi: ulichoibiwa ni USDT. Bitcoin haina mwenye ofisi wa kumpigia, lakini USDT inatolewa na kampuni ya Tether, na kampuni hiyo inaweza kuizuia anwani isiweze kuhamisha USDT zilizomo. Wanafanya hivyo mara kwa mara. Septemba 2024 Tether, TRON na kampuni ya uchunguzi ya TRM Labs waliunda kitengo cha pamoja kinachoitwa T3 kwa ajili ya uhalifu unaopita kwenye mtandao huuhuu wa Tron, na ndani ya miezi michache walitangaza kuzuia zaidi ya dola milioni 100. Lakini kwa kawaida husikiliza vyombo vya dola. Barua pepe ya mama mwenye duka, hata ikiwa ya kweli kila herufi, mara nyingi hujibiwa kwamba lete ombi la polisi.

Hapo ndipo saa inapotukimbiza. Zile 3,500 zinazuilika maadamu bado ni USDT na bado ziko kwenye anwani unayoiona. Siku mwizi akizibadilisha kuwa TRX, Tether hawana mamlaka tena. Usimtumie ujumbe wa vitisho, wala usibandike anwani yake kwenye magrupu. Akishtuka atazihamisha.

Zile 3,340 ziko mikononi mwa soko la kripto, au zilikuwa. Ingia leo kwenye huduma kwa wateja ya soko hilo, toa taarifa ya wizi, uwape namba ya muamala, ile anwani ya kuwekea hela, kiasi, tarehe na saa, na uwaambie taarifa ya polisi inakuja. Wakikuambia hawawezi kukupa jina la mteja wao, usikasirike, hata benki isingekupa. Masoko makubwa, Binance mojawapo, yana mlango maalumu ambao polisi hupeleka maombi ya taarifa za akaunti au ya kuizuia. Unachokitaka kwao wewe ni kumbukumbu ya maandishi kwamba uliwataarifu mapema. Akaunti inaweza kuwa imefunguliwa kwa kitambulisho cha mtu aliyelipwa vijisenti akopeshe sura yake, hilo hutokea sana, lakini hata mtu huyo ana wa kumtaja.

Kuhusu polisi, jirani yako hajazua kitu, ila amekushauri vibaya. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo la kuwaonya wananchi kuhusu sarafu za kidijitali, ikakumbusha kwamba fedha halali nchini ni shilingi na kwamba matumizi ya sarafu hizo yanakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Tangazo hilo ndilo watu wanalolinong'ona sokoni. Baada yake, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Serikali inakitambua kitu hicho kiasi cha kukitoza kodi. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haichagui mlalamikaji: kumlaghai mtu kwa njia ya kompyuta ni kosa. Nisikudanganye, unaweza kuulizwa hela ilitoka wapi na mzigo uliulipiaje. Kwa hiyo, kabla ya kuandikisha maelezo, kaa na wakili saa moja, ukiwa na risiti zako na nyaraka za forodha. Dola 300 ulizotaka kumpa tapeli zina kazi nzuri zaidi hapo.

Baada ya hapo nenda Kituo cha Msimbazi, ndicho kiko jirani na duka lako. Usiende na simu tu ukaanza kumsogezea askari skrini aone. Chapisha. Karatasi ya kwanza iwe hadithi fupi kwa lugha ya kawaida: nani, lini, kiasi gani kwa USDT na kwa shilingi, saa za Afrika Mashariki. Zifuatazo ziwe kurasa za Tronscan kwa mpangilio, kila muamala na namba yake yote, herufi 64 bila kukatwa, maana namba iliyokatwa katikati kwa nukta tatu haimsaidii mpelelezi. Piga mstari chini ya anwani mbili: ile yenye 3,500 na ile ya kuwekea hela sokoni. Ambatanisha mazungumzo na mtu wa kiwanda, linki yake, mazungumzo ya Telegram, na uthibitisho kwamba USDT hizo ulizinunua wewe, yaani miamala ya benki au ya simu uliyolipia.

Ukipata RB, ile namba ya taarifa yako polisi, usiondoke ukiwa umeridhika. Omba kwa adabu jalada lifike kitengo cha makosa ya mtandao cha Jeshi la Polisi, na omba jina la mpelelezi. Unachohitaji kutoka kwao kinatajika kwa sentensi mbili: ombi kwa Tether kuzuia anwani ya kwanza, na ombi kwa soko kuzuia akaunti ya anwani ya pili na kutoa taarifa za mwenye nayo. Yaandike maombi hayo mawili kabisa kwenye karatasi yako ya kwanza. Askari wengi wa zamu hawajawahi kushughulikia USDT, na ukimrahisishia utaona kazi inakwenda. Wakili wako anaweza kuandika barua kwa wote wawili siku hiyohiyo akiambatanisha RB, bila kusubiri barua ya polisi. Unaweza pia kuripoti anwani za mwizi kwenye Chainabuse, tovuti ya bure ya kuorodhesha anwani za uhalifu, lakini fanya hivyo baada ya maombi kutoka.

Nafasi ya kufanikiwa ikoje? Kwa zile zilizoingia sokoni tangu Ijumaa, ndogo, kwa sababu wezi hutoa haraka. Kwa 3,500, ipo nafasi ya kweli, ila ujue kuzuiwa si kurudishiwa. Baada ya kuzuia, Tether wanaweza kuziharibu zile za mwizi na kumtolea mwenye haki nyingine mpya, lakini hilo hufuata taratibu za kisheria na linaweza kuchukua muda mrefu. Oda yako ya sasa ipange kana kwamba hela hiyo haipo. Mwambie mwenye mzigo Guangzhou ukweli, umwombe nusu ya mzigo kwa mkopo au asogeze tarehe. Wao pia wanaujua wizi huu.

Dada yako mwambie leo, kabla hujaenda polisi, kwa sababu jina lake litaingia kwenye maelezo na hatakiwi kulisikia kwa mtu mwingine. Nenda kwake, usipige simu. Mpe takwimu kamili, mwonyeshe anwani yenye 3,500, na umweleze kwamba deni la dola 2,000 ni lako hata zisiporudi. Kubalianeni kwa maandishi utamlipaje kidogokidogo kutoka dukani. Akikasirika mwache akasirike.

Kijana mwite ukishaangalia ule muamala wa usiku. Mweleze kilichotokea, umwambie afute picha ya maneno mbele yako, na umpe kazi ya kuchapisha zile kurasa, maana ataziweka sawa haraka kuliko wewe na mimi. Pikipiki mpongeze, umuulize kaipataje kama mama mdogo yeyote angeuliza. Lakini kwamba uliikuta anwani yake kwenye Tronscan na ukakaa siku kadhaa ukiitazama, hilo usimwambie yeye wala mama yake.